Gego Laini la Kamanda

Tarehe 6 Februari

Kwa mpwa wangu Koleo, mng'oa meno wa dunia nzima,

Pokea salamu nyingi kuliko misumari ya dari. Mimi mjomba wako ni mzima kama chuma cha reli. Mkaza mjomba wako anakusalimu kutoka nyuma ya cherehani yake, ambayo siku hizi inaruka mishono kama mbuzi anavyoruka matuta ya watu. Kamanda binti yetu naye hajambo. Ametimiza miaka saba, ana mapengo mawili mbele, na anatuamrisha nyumba nzima kupitia mapengo hayohayo.

Utauliza kwa nini naandika barua na simu zipo. Simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya plasta nikiwa juu ya jukwaa, na kabla sijafika chini ilikuwa imeshaganda. Sasa naitumia kuzuia mlango usijifunge. Isitoshe, mwandiko wangu mzuri. Mwalimu wa darasa la sita aliusifu wiki ileile niliyoacha shule, na sisemi nani alilia siku hiyo, lakini si mimi.

Kazi zipo. Nimemaliza dari ya ukumbi mmoja wa sherehe, mpwa wangu, maharusi wanaingia, wanatazama juu, wanasahau kutazamana. Nimezunguka miji mingi, nimeona dari za watu wengi, na nakwambia hakuna fundi. Yupo mmoja tu, na ndiye huyu anayekuandikia.

Haya, tuje kwenye jambo lenyewe. Mama ameagiza kwamba likizo ya Agosti wajukuu wote wafike nyumbani. Kamanda hajawahi kufika, unajua. Lakini kwa masimulizi anaijua nyumba ile kuliko wewe. Anajua safu ya misumari jikoni na vikombe vya bati vinavyoning'inia, kila mjukuu na chake. Anajua kwamba hupewi kikombe mpaka Bibi anawe mikono, akutie kidole gumba kinywani, apapase gego la juu halafu apaze sauti, "Kipo!" Anajua kinachotafutwa ni kile kichuguu cha marehemu babu yenu, kile kinundu cha ziada ubavuni mwa gego, upande wa ulimi, ambacho sisi ukoo mzima tunacho. Changu mimi, bila kujisifu, ndicho kikubwa kuliko vyote. Kingezidi kidogo ningefuga mchwa.

Sasa nina rafiki yangu. Nasema rafiki, si mimi. Ana mtoto wa umri wa Kamanda, na gego la mtoto limetoka laini kama sahani. Wewe ndiye msomi wa meno. Je, kichuguu huweza kuchelewa, kama ndevu? Rafiki yangu amekosa hamu ya kula. Nijibu upesi, maana namwonea huruma sana.

Ni mimi mjomba wako, Mzee wa Dari.


Tarehe 27 Februari

Shikamoo mjomba,

Barua yako ilifika ikiwa na vumbi jeupe ndani ya bahasha, nikajua ni wewe kabla sijaisoma. Nyumbani wote wazima. Mama yangu anakusalimu, anasema kaka mdogo haachi utoto. Mjomba mkubwa amestaafu ualimu mkuu lakini bado anapiga kengele, siku hizi ya chakula. Bibi ana nguvu kutushinda. Amenunua kikombe cha buluu chenye ukingo mweupe, anakisugua kila siku, na ukimuuliza ni cha nani anakwambia utajua Agosti.

Na tafadhali, mimi sing'oi meno. Chuo kimenituma kwenye shule za msingi kuchukua chapa za magego ya watoto, tuone yanavyotofautiana umbo. Kila mtoto nampa udongo laini wa pinki, anang'ata, anasubiri, anaachia, kisha namimina plasta. Jana mmoja alimeza wake akaniuliza kama upo wa ladha nyingine.

Nikuulize kitu, mjomba, umewahi kutazama gego la mtoto kwa karibu? Hakuna mawili yanayolingana. Ya chini mengine yana vinundu vinne, mengine vitano, mengine hata sita. Kuna yaliyonyanyuka kama matuta ya viazi na kuna yaliyolala kama meza. Na hicho kichuguu chetu cha kujivunia nimekikuta kwa mtoto wa mlinzi wa shule, mtu ambaye si ndugu yetu kwa mbali wala kwa karibu. Kikubwa, utadhani amekiazima kwako. Halafu nikakuta ndugu wawili, tumbo moja, baba mmoja. Huyu anacho, yule hana.

Kuhusu swali la rafiki yako. Jino hufinyangwa ndani ya ufizi kabla halijachomoza. Likitoka laini, ndiyo basi, limeamua. Si ndevu.

Huyo rafiki yako ana wasiwasi gani hasa? Jino laini linatafuna vilevile.

Mpwa wako, ambaye si Koleo.


Tarehe 19 Machi

Mpwa wangu Koleo,

Salamu tele. Sisi wazima, isipokuwa kidogo tumbo la Kamanda, na utaelewa mbele.

Si kwamba nakubishia. Lakini kitabu ni kitabu na fundi ni fundi. Nikasema nijionee mwenyewe. Udongo wenu wa pinki sina, kwa hiyo nilitumia akili. Nilikata mche wa sabuni ya kufulia vipande viwili vipana. Kimoja niking'ate mimi, kingine ang'ate huyo mtoto wa rafiki yangu, ambaye alikuwa amekuja kutembea.

Mimi nilivumilia kiume. Mtoto naye alivumilia, lakini tangu asubuhi hadi jua kuzama kila aliposema neno lenye "b" alitoa povu. Na huyo mtoto hujui anavyopenda kusema "baba". Mkaza mjomba wako aliingia akatukuta wawili tumekaa kwenye benchi tunapuliza mapovu. Akasema maneno ambayo nikiyaandika posta itakataa kuyabeba.

Lakini chapa zilitoka safi! Nikamimina plasta yangu ya kazi, ile ya maua ya dari. Nimekutumia zote mbili. Yenye herufi A ni meno yangu, mwana halisi wa ukoo, ili uwe na kichuguu cha kupimia. Herufi B ni ya mtoto wa rafiki. Tazama vizuri, huenda kipo kidogo na mimi macho yangu yamezoea vitu vikubwa.

Na swali la pembeni. Fundi hodari, simtaji, akibandika tone la plasta kwenye gego, likae pale kwa muda wa kidole kuingia na kutoka tu, kuna ubaya? Rafiki yangu alijaribu. Mtoto akalitafuna pamoja na mkate akasema mkate una kokoto.

Kamanda anakuuliza kama kikombe cha buluu kina mkono upande wa kulia au wa kushoto. Sijui nani alimwambia habari ya kikombe. Barua yako niliiacha mezani na yeye siku hizi anasoma.

Mjomba wako, A.


Tarehe 11 Aprili

Shikamoo mjomba,

Nyumbani salama, lakini posta si salama tena, kwa sababu yako.

Kifurushi chako kilifika kimepasuka pembeni, na karani akaona meno yanamchekea. Niliitwa. Nilikuta wafanyakazi wote wamesimama mbali na meza, mlinzi kashika ufagio kama mkuki. Karani akaniuliza, "Dada, hivi ni vitu gani?" Nikamjibu, "Ni meno ya mjomba wangu." Akauliza kwa sauti ya chini, "Na mwenyewe yuko wapi?"

Nilikaa pale mpaka mchana nikieleza kwamba mwenyewe yu hai na anapaka dari.

Plasta ya dari kinywani mwa mtoto! Ukirudia, napanda basi nakuja kukuziba wewe. Mkaza mjomba nampa pole na sabuni nyingine.

Nimetazama. B ni laini, mjomba, hakuna cha kutafuta. A sitasema kitu kwanza, inataka taa nzuri.

Lakini B nimeitazama yote, si magego tu. Mbele ina mapengo mawili. Uliniandikia mwezi wa pili kwamba kuna mtu nyumbani kwako ana mapengo mawili mbele na anawaamrisha wote. Sasa rafiki yako ni nani, na kwa nini gego la Kamanda linakunyima raha?

Mkono wa kikombe ni wa kulia. Mwambie.

Mpwa wako.


Tarehe 28 Mei

Mpwa wangu,

Salamu. Nimekawia. Kazi zilikuwa nyingi, halafu wino uliisha, halafu niliteguka kifundo cha mguu, kwa hiyo Agosti hatutakuja. Mweleze Mama. Mguu umevimba vibaya.

Mguu haujavimba. Mkaza mjomba wako ameisoma sentensi hiyo juu ya bega langu akasema nisipoandika ukweli ataandika yeye, na yeye hana mwandiko.

Haya. Nilipomwoa, Kamanda alikuwa na miezi minne. Baba yake aliyemzaa alikuwa ameshajiendea zake kabla, na mimi sina la kumwambia mtu yule zaidi ya asante. Nyumbani niliandika kwamba nimeoa na nimepata mtoto. Sikudanganya. Niliyaweka tu maneno mawili karibu-karibu, mkayasoma mlivyopenda.

Siku ya kwanza alinitapikia shati jipya. Nikasema huyu ananijua. Tangu hapo hatujaachana. Dari zote nilizopaka amezipaka na mimi, chini, akinishikia ngazi na kunitukana nikidondosha. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mimi kazi ninaijua, na hii ndiyo pekee ambayo sijawahi kulipua.

Sasa unajua kwa nini silali kwa ajili ya gego. Mama simwogopi. Naogopa kile kidole gumba. Kitaingia, kitapapasa, kitatoka, na jikoni kutakuwa kimya. Watoto wote wameshika vikombe vyao wanamtazama yeye. Halafu mkubwa mmoja, namjua, huwa na kengele, atasema, "Mbona hana?" Na mwanangu atajua jambo hilo jikoni mwa watu, kwa kidole, badala ya kulisikia kwetu. Mkaza mjomba wako anasema tumwambie wenyewe. Namwambia ndiyo, kesho. Amechoka na kesho zangu.

Kamanda ameshafunga begi. Ndani kuna gauni moja na miswaki mitatu, ili gego ling'ae.

Sijui nimwambie nini. Na mimi sijawahi kukosa la kusema, unanijua.

Mjomba wako.


Tarehe 16 Juni

Shikamoo mjomba, shikamoo mkaza mjomba, na Kamanda hujambo (maana najua unasoma, kwa hiyo mjomba, ikunje barua hii haraka uisomee bafuni).

Jumapili nilikwenda kwa Bibi. Lako sikulitaja. Nilisema tu nataka kuwatazama magego wajukuu waliokuwepo, nijifunze. Wakajipanga na vikombe vyao mkononi. Mjomba mkubwa alisimamia foleni.

Nilimtazama wa kwanza, laini. Nikadhani taa. Wa pili laini. Wa tatu ana kitu kidogo, kama alama ya ukucha. Wa nne, laini kama sahani, kwa maneno yako. Nikachukua kioo nikajitazama mwenyewe, mimi niliyepewa kikombe nikiwa na miaka sita kwa kelele za "Kipo!" zilizosikika barabarani. Mjomba, mimi sina.

Wote walipotoka nilimfuata Bibi. Alikuwa anamenya vitunguu. Nikamwambia, "Bibi, miaka yote hii ulikuwa unagusa nini humo ndani?"

Akasema, "Nilikuwa nagusa wajukuu zangu."

Akamenya kitunguu kingine. Halafu akaanza kucheka, peke yake, hadi akaweka kisu chini. Akaniambia kwamba babu ndiye aliyeanza mchezo ule, kwa watoto wake. Wa kwanza alikuwa nacho. Wa pili, mama yangu, alikuwa nacho. Wa tatu babu akapapasa, akapapasa, akasema kwa mzaha, "Huyu wa kuokota!" Mtoto akaingia chini ya kitanda, akasema hatoki mpaka kichuguu kiote. Alikaa huko mpaka chakula kikapoa. "Basi nikamvuta mguu," Bibi akasema, "nikamtia kidole, nikapiga kelele kipo, tena kikubwa kuliko vya wote. Akatoka anatamba. Na mpaka leo, mwanangu, hajanyamaza."

Mjomba, kwenu wa tatu kuzaliwa ni nani?

Sasa shuka kwenye jukwaa, ukae chini. Taa nzuri ninayo tangu Aprili. A ni laini. Hakuna kichuguu, hakuna hata mchwa. Nimeziweka A na B pamoja mezani kwangu, na wenzangu kazini wakaniuliza kama ni baba na mtoto. Nikasema ndiyo.

Bibi ameniambia neno moja tu la kukufikishia: "Mwambie alete mtoto wake." Anajua au hajui, sikumuuliza. Nilipotoka alikuwa anapigilia msumari mpya.

Agosti nitakuwa shule za mbali, sitawaona. Niandikie kila kitu.

Mpwa wako mwenye gego laini.


Tarehe 24 Agosti

Mpwa wangu Koleo, laini mwenzangu,

Salamu nyingi zisizo na mfano. Tumerudi jana, wote wazima, begi limerudi na mswaki mmoja. Miwili Kamanda amewagawia binamu zake waliokuwa na hali mbaya.

Kwanza nikuambie barua yako ilinitenda nini. Nilikataa. Nikachukua kioo cha kunyolea, kijiko na tochi. Nikamwita fundi umeme tunayefanya naye kazi, mtu mwaminifu, nikamwambia aingize kidole. Akasema hapana. Nikamlipia chai, akaingiza. Akasema, "Fundi, hapa pamesawazishwa vizuri." Miaka yote hii, mpwa wangu! Nimetamba kwa kichuguu hicho katika kila mji niliopita. Kuna watu huko wananiita Kichuguu mpaka leo!

Nikahuzunika mpaka chakula cha mchana. Halafu nikiwa natafuna ikanijia: mbona basi Kamanda amenifuata mimi? Nikasimama na sahani mkononi. Mke wangu akadhani nimekabwa akanipiga mgongoni.

Jioni ya kuamkia safari tulimwambia. Mama yake ndiye aliyesema, vizuri, taratibu, kama anavyopitisha uzi. Mimi nilikuwa nimeshika nyundo, sijui kwa nini. Kamanda alisikiliza mpaka mwisho. Akanitazama, akauliza, "Kwa hiyo sikutoka kwako?" Nikasema hapana. "Na gego?" Nikamwambia gego tuko sawasawa, mimi na yeye, laini kwa laini. Akafungua kinywa changu akahakikisha, maana haamini neno bila kuona. Akafikiri. Akauliza, "Na kikombe?"

Hilo ndilo lililokuwa linamtisha, kumbe. Nikamwambia kikombe twende tukakione.

Jikoni walijaa wote. Mama akanawa mikono, akapangusa, akatia kidole gumba. Lakini Kamanda hajui kukaa bure kinywa kikiwa na kitu ndani. Akang'ata. Mama akapiga ukelele, "Kipo! Tena kina makali!"

Na Kamanda, badala ya kunyamaza achukue chake, akasema mbele ya ukoo mzima, "Bibi, hakipo. Mimi laini, kama baba."

Kimya. Kile kimya nilichokiogopa tangu mwezi wa pili, kikaja, kikasimama mlangoni. Kaka mkubwa akashusha gazeti. "Mbona hana?" akasema. Nilijua tu! Nikafungua mdomo nimjibu, lakini mtoto mmoja nyuma akasema, "Hebu na mimi niguse changu." Akagusa. "Mimi laini!" Mwingine, "Na mimi!" Basi ikawa vurugu, kila mtu kidole kinywani mwa mwenzake, huyu analia ameng'atwa, yule anagombea kioo, hata jirani aliyekuja kuazima ungo akapapaswa kabla hajasema hodi. Naye anacho, jirani wa watu! Kikubwa!

Ikaonekana kwamba katika chumba kile, ukiacha dada yangu na mtoto mmoja au wawili, mwenye kichuguu halisi ni Kaka mkubwa. Akabaki nacho kama mtu aliyevaa suti kwenye kufyatua matofali. Kamanda akamkagua kwa makini, akampapasa begani. "Pole, baba mkubwa," akasema. "Labda kitachakaa."

Mama alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Alipopata pumzi akauendea msumari mpya, akatundua kikombe cha buluu, akampa. Kilikuwa kimeshatundikwa tangu Juni, mpwa wangu. Kidole kilikuwa cha nini, sijui.

Baadaye nilimfuata uani. Nikamwuliza, "Mama, na mimi je? Miaka yote hiyo uliniacha nijisifu?" Akasema, "Wewe ulikuwa chini ya kitanda, na mimi nilikuwa na chungu motoni. Ulitaka nifanyeje?" Halafu akaniambia nitazame dari ya jikoni inavuja wapi, na nikatazama, na nikaipaka, na sasa ni dari nzuri kuliko zote nchini.

Zile A na B usizirudishe kwa posta, karani wa watu atazirai. Ziache mezani kwako, pamoja.

Ni mimi mjomba wako, mwenye gego laini kuliko yote katika ukoo huu. La pili ni la Kamanda. Asiyeamini alete kidole.